Nyuzi za Mtu Mwenye Shoto

Treni ilipoondoka, mgane mmoja alipakata gitaa la marehemu mkewe, akabonyeza nyuzi kwa mpangilio wa vidole wa sauti ya G kama alivyouona kwenye picha. Likalia kama bati linaloburutwa.

“Baba, nyuzi zimefungwa kinyume,” akasema binti asiyemjua aliyeketi kando yake, fundi wa magitaa. “Mwenyewe ana shoto?”

“Mama watoto alikuwa nalo. Kafia hospitali isiyo na oksijeni, wakubwa wakaniletea pole na soda.”

“Pole, baba. Lete nizigeuze, utajifunza upesi.”

Akalikumbatia. “Wamenichukulia mke, nawe unifungulie mafundo aliyoyafunga mwenyewe?”

“Basi jifunze kwa shoto. Uzee huu, utaweza wapi kupiga?”

“Wakubwa hawawezi kitu, na bado wanapiga!” Akaligeuza; vidole vya mkono wa kulia vikapapasa nyuzi kama vipofu.

Treni ikasimama. Fundi akachelewa kushuka, akimwekea kidole cha pete mahali pake.