Bafta Zilizozikwa Mwandiga

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Mchungaji, Shehe wetu, wageni waalikwa, akina mama wenzangu wa kikundi cha kilimo, na wewe Bibi Shamba wetu Winfrida unayehamia Kasulu: shikamooni wakubwa, na wengine, kwa salamu yetu ya Kiha, mwidiwe.

Mimi Jovita nimeombwa nimuage Winfrida. Nimechaguliwa kwa sababu wenzangu wanaona aibu, na aibu hiyo wameipata kihalali.

Mnakumbuka mihogo yetu ilipoanza kutoa mizizi myembamba kama vidole. Je, tulisema udongo umechoka? Mlisema Jovita karoga. Kikaitwa kikao cha kunifukuza kikundini, na Verediana, yule pale anayejifanya kutafuta kitu mkobani, ndiye aliyekifungua kwa sala.

Winfrida akaomba msubiri kwanza apime udongo. Tukatarajia alete mashine. Yeye akaenda Ujiji kununua bafta nyeupe, ile pamba ya kushonea sanda. Mwenye duka akampa pole, akauliza marehemu ana urefu gani. Akajibu, "Hakuna marehemu. Nakata vipande vidogo, nazika mashambani." Kabla hajarudi Mwandiga, habari zilishafika: Jovita kapata mwenzake, tena wa serikali.

Alitueleza taratibu kwamba udongo wenye uhai hula pamba, na uliochoka huiacha. Nani alimsikiliza? Mzee Elikana alikifukua kipande chake, akakipeleka kwa Mchungaji kiombewe, kisha kwa Shehe kisomewe dua, asije akawa amekosea mlango. Mchungaji na Shehe, nyote wawili mlimwambia akakifukie tena, na Mungu awalipe.

Baada ya miezi miwili tukafukua wote. Kule msituni kusikochomwa moto, alikozika kipande kimoja ili alinganishe, bafta ilibaki nyuzi. Kwenye mashamba yetu, tunayoyachoma kila kiangazi, ilitoka nzima, ungeweza kushonea shati. Ya shambani kwangu ndiyo iliyokuwa nzima kuliko zote. Winfrida akawageukia: "Mchawi gani huyu anayeanza kujiroga mwenyewe?"

Tumeacha kuchoma, na mihogo inanenepa. Winfrida, umetupimia udongo, lakini mimi umenirudishia jina langu, na kwa hilo nakupenda sana.

Ndugu zangu, kwa mchawi hakuna anayekwenda kuazima kitu. Muda wote ule hakuna aliyebisha hodi kwangu kuomba hata chumvi. Wiki iliyopita Verediana kaja kuazima jembe, na mpaka leo hajalirudisha. Verediana, kaa nalo. Ila kesho njoo uazime na kitu kingine.

Nawashukuru nyote mlionisikiliza, hata mlioinamisha vichwa.