Mwalim Nadhir bin Marzouq na Maji ya Wadi

Marehemu shemegi yangu, Mwalim Nadhir bin Marzouq, alizaliwa Malindi, Unguja mjini, tarehe 3 Machi 1938. Alihitimu Kurani kwa bibi yake, akasoma skuli za serikali mpaka chuo cha ualimu. Aliondoka Unguja mwaka 1966, akapitia Dubai, akaingia Oman mwaka 1971 na kufundisha Ibra hadi maradhi yalipomzuia. Wanafunzi walimwogopa mwezi wa kwanza tu.

Mwaka 1973 yeye na walimu wenzake walianzisha klabu ya kupiga kafi, wakanunua mitumbwi miwili. Safari zao zilikuwa za Novemba, joto likishapungua, na zilitegemea mvua za milimani: wadi, yaani bonde la mto wa msimu, ikiwa na maji wanakwenda, ikikauka wanabaki nyumbani wakinuna.

Safari ya kwanza walifika kijijini kwetu, Wadi Bani Khalid, siku ya pili baada ya mvua. Walipanda ukingoni kusali na kula. Kurudi, mitumbwi imekaa juu ya kokoto. Nadhir, mtoto wa pwani, aliwatuliza wenzake: maji yametoka, baada ya saa sita yatajaa. Wakatandika mikeka, wakangoja. Marehemu baba yetu, Mzee Sleyum, ambaye aliishi Tabora miaka mingi, aliwatazama mpaka alasiri, kisha akawafuata.

"Wanangu, hii si bahari," akawaambia. "Njooni mle kwangu, maana mtangoja mpaka mwakani."

Nadhir alikula, akamwona dada yangu Ghaniya, na wiki ya pili akarudi bila mtumbwi. Walioana tarehe 12 Septemba 1974. Sisi mashemegi tulimcheka kwa yale maji miaka kumi na minne, naye akijibu kuwa hakuna aliyengoja akapata kama yeye.

Mwaka huu moyo wake ulidhoofika. Daktari alimkataza mengi, naye akayakubali yote isipokuwa moja: alitaka safari ya mwisho ya wadi. Mvua nayo ikagoma. Kila Alkhamisi alinipigia simu kuuliza, "Harub, maji?" nami nikajibu hamna, roho ikiniuma.

Tarehe 24 Novemba maji yalifika, lakini ya kifundo cha mguu. Hatukuwa na moyo wa kumngojesha tena. Tulimkalisha ndani ya mtumbwi, tukaukokota kwa kamba juu ya mawe, Ghaniya pembeni na birika la chai. Yeye alikaa mbele akitoa amri, kafi yake ikigonga kokoto. Tulipofika penye kidimbwi kirefu, tukaachia kamba. Akapiga kafi peke yake, akazunguka mzunguko mzima, polepole. Aliporudi alikuwa anahema na anacheka.

"Ghaniya," akasema, "sasa nimeshiba."

Alifariki nyumbani, Ibra, Ijumaa tarehe 9 Disemba 1988, akazikwa alasiri ile ile. Tumehuzunika sana, na bado tukikutana tunacheka.

Ameacha mjane, Bi Ghaniya bint Sleyum. Watoto wake, Mahrous na Fawziya. Dada yake, Bimdogo. Na wenzake wa klabu.

Mola amsamehe, amlaze pema, na amkaribishe katika zile bustani zipitazo mito chini yake, ambayo haipungui maji. Amin.