Gunia Lenye Homa

Asubuhi ilikuwa ya baridi. Ndani ya basi, mwalimu mmoja aliegemea gunia la mahindi la mkulima aliyeketi jirani yake, akashtuka. "Kaka, gunia lako lina homa!"

Mkulima akacheka. "Ni jua tu hilo, dada. Niliyaanika jana."

"Jua la jana lingekuwa limeshapoa. Umeyafunga mabichi. Mahindi yana uhai, yanapumua, na joto hilo ni chakula kinachoungua ndani yake."

"Yanapumua kwa pua ipi?"

Hata mimi, kiti cha nyuma, nilitega sikio.

"Hayahitaji pua. Wewe mwenyewe una joto kwa sababu ulichokula kinaungua polepole mwilini."

"Mimi nimekula. Haya yamekula nini?"

"Yanajila yenyewe. Ukiyabana hivyo mpaka kesho, hayataota."

Mkulima akaacha kucheka. "Mbegu hizi ni za mama mkwe. Yaani nampelekea maiti?"

"Bado ni wagonjwa."

Basi likasimama. Akashuka na gunia lake begani, akisema kwa sauti kwamba mahindi hayapumui, hayajawahi kupumua. Dirishani nikamwona akilitua chini, akatazama huku na huku, kisha akalegeza kamba.