Mzee Kibodi Amerudisha Funguo Zote

Mzee Kibodi ameitumikia kampuni hii miaka ishirini na tisa na miezi minne, na utumishi wake umekoma rasmi Ijumaa iliyopita, tarehe 28 Juni, saa sita kamili mchana. Saa hiyo naitaja makusudi. Mtaelewa mbele.

Ofisi ya utumishi iliwaomba mafundi waandike wasifu huu, wakaleta karatasi imejaa tarehe kama kadi ya gari. Ndipo kazi ikaniangukia mimi ninayetunza jiko la chai na ubao wa funguo, kwa kuwa katika sisi tuliobaki ni mimi tu niliyekuwepo siku alipoingia. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini macho sikuyaacha huko.

Aliingia kama fundi wa printa, shati jeupe, na kabla ya chakula cha mchana shati lilikuwa la wino. Mwaka wa tatu wakamhamishia chumba cha seva, kile chenye baridi. Huko kipanya cha kompyuta yake kikafa. Akakitia kwenye droo na hakuomba kingine mpaka anastaafu. Tangu hapo amekuwa akiiandikia kompyuta amri, mstari kwa mstari, kwenye kioo cheusi, na jina la Kibodi likamganda. Wenzake wakiwa bado wanabofya picha, yeye ameshamaliza na kikombe amekirudisha jikoni. Katika ninyi watu arobaini, ni yeye peke yake aliyekuwa akirudisha kikombe. Mnajijua.

Kazi yake kubwa ni mfumo wa majibu ya maabara unaotumiwa na zahanati arobaini na moja. Zamani mgonjwa alisubiri jibu siku tatu. Sasa hulipata kabla ya mchana. Mfumo huo unaendeshwa na kompyuta kumi na moja zinazofanya kazi kama moja, wao wanaziita klasta. Programu zenyewe zimefungwa kwenye makasha, na makasha yanakaa katika ghala la kampuni kwenye mtandao, ghala lenye kufuli. Klasta ikitaka kasha, inatoa jina na neno la siri, ghala linafunguka. Mzee Kibodi amenieleza hayo mara nyingi akisubiri maji yachemke, na mimi mambo ya funguo huniambii mara mbili.

Sasa nije kwenye wiki yake ya mwisho, maana huko ndiko alikotaka kutuaibisha.

Kila anayeondoka hapa lazima asimame mbele ya ubao wangu. Anatoa funguo moja moja, anataja mlango, nami nauliza kama kuna nyingine, mpaka anyamaze. Jumatatu alikuja kwenye msumari wake, namba saba, akatoa ya chumba cha seva, ya kabati la nyaya na ya geti la nyuma. Nikamuuliza kama hakuna mlango mwingine popote unaofunguka kwa jina lake. Akatabasamu. Halafu tabasamu likaondoka, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, jambo ambalo hajalifanya maisha yake yote.

Kumbe miaka sita nyuma, siku ya kuwasha klasta, ghala lilidai jina na neno la siri, na jina la kazi lilikuwa halijatolewa. Kwa haraka akaweka lake mwenyewe, la kushikilia wiki moja tu. Hiyo wiki moja ndiyo tuko nayo mpaka leo. Na utumishi walishapanga kulifunga jina lake Ijumaa saa sita. Baada ya hapo ghala lisingetoa hata kasha moja. Programu zilizo hai zingeendelea kidogo, ila ya kwanza kuanguka isingeinuka, na watu wangekaa kwenye mabenchi ya zahanati wakisubiri jibu lisilokuja. Nilimwambia ukweli wake: mtu mzima, mstari mmoja wa amri, unauahirisha miaka sita? Akakubali kosa palepale, hakumsingizia mtu.

Mkuu wa idara akaona njia nyepesi. Jina liachwe wazi, mzee aende zake, na likitokea tatizo apigiwe simu. Mafundi wakaitikia haraka sana, maana kila amri ya klasta walizoea kumkimbilia yeye.

Mimi nikakataa, na sababu yangu ni mkewe. Huyo shemeji yangu hajawahi kumaliza likizo hata moja na mumewe bila simu ya ofisi. Siku ya harusi ya binti yao mzee alipigiwa, akafanya kazi koridoni, kompyuta juu ya viti vilivyopangwa, bibi harusi amesimama mlangoni anamsubiri amshike mkono. Safari hii alikuwa amemwahidi mama huyo Ijumaa saa sita, si saa saba. Nikamwambia mkuu wa idara mbele ya watu: mtu anakwenda nyumbani halafu jina lake mnalibakiza kazini, nani atalinywesha chai? Wakacheka, lakini njia nyepesi ikaishia hapo.

Likaombwa jina la kazi, lisilo la mtu yeyote, lenye ruhusa ya kuchukua makasha tu. Klasta yetu imegawanywa ndani kwa ndani vyumba tisa, na siri, yaani jina, neno lake na anwani ya ghala, ikiwekwa chumba kimoja haionekani chumba cha pili, kwa hiyo ilibidi iwekwe mara tisa. Mzee angeweza kumaliza kabla chai haijapoa. Hakugusa. Alimkalisha fundi wa kike anayeshika nafasi yake, aandike kwa vidole vyake, na yeye akaikalia mikono yake mwenyewe, kweli kabisa, chini ya mapaja, ili isimponyoke.

Neno la siri alikataa liandikwe wazi kwenye mstari wa amri, kwa sababu kompyuta inakumbuka kila mstari, na atakayekuja nyuma akabonyeza mshale wa juu analikuta limekaa. Wakalisoma kutoka kwenye faili, kisha faili wakalifuta. Kila chumba klasta ikajibu kwamba siri imeundwa. Yule fundi akafurahi. Mzee akamwambia asifurahi, klasta inapokea siri yoyote, hata ya uongo, na inasema imeundwa. Ukweli unajulikana kasha linapoitwa.

Basi Jumatano wakaleta kompyuta ya kumi na mbili, mpya, ambayo haijawahi kuhifadhi kasha lolote, wakaiagiza iite makasha ya vyumba vyote. Vinane vikapita. Cha sita kikagoma: fundi alikuwa ameandika anwani ya ghala la zamani. Wangeziamini zile kompyuta kumi na moja zenye makasha ya akiba tumboni, kosa lingejificha mpaka siku mbaya. Dada wa watu akaona haya. Mzee akamwambia kosa la siku moja si kitu, la kwake lina miaka sita. Dada akaifuta siri ile, akaandika upya, ikapita.

Ijumaa saa sita jina lake likafungwa. Mlango wa chumba cha seva haukumjua tena, akaja kukaa jikoni kwangu, simu ameilaza mezani. Huko ndani wakaziangusha programu zote makusudi, chumba baada ya chumba. Kikombe chake kilikuwa kimejaa na hakukigusa. Dakika kumi na saba baadaye fundi akaja mlangoni akasema zote zimeinuka. Mzee akauliza cha sita je. Akajibiwa hata cha sita, mzee, kunywa chai.

Akanywa. Akaosha kikombe. Simu haikulia mpaka saa sita na nusu, na aliyepiga alikuwa mkewe, yuko getini.

Mzee Kibodi, ahsante kwa printa, kwa seva, kwa zahanati arobaini na moja, na kwa kila kikombe ulichorudisha. Msumari namba saba uko mtupu, nimeupitishia kitambaa mwenyewe. Hakuna mlango hapa unaokudai. Kaa na mama huyo mpaka mchokane, kisha muanze upya; hiyo ndiyo heri tunayokuombea sote. Ukija kututembelea, bisha hodi kama wageni wengine.