Fundi Gundi na Kitabu cha Kurasa Elfu Moja Mia Mbili

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Gundi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mimi ninayewasomea.

Alianza darasa la kwanza Januari 1972 na kumaliza la saba mwaka 1978. Alikuwa na mwandiko mzuri, hata walimu wakamtuma kuwaandikia ubaoni. Kuhusu masomo yake kuna maneno mengine, nitayafikia. Jana wifi yangu na baba mdogo walitaka yaondolewe kwenye karatasi hii. Sikuyaondoa.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, upande wa kujalidi vitabu, akafanya kazi humo miaka thelathini na minane. Alishona mafungu ya kurasa kwa sindano na uzi, akapaka gundi mgongoni mwa kitabu, kisha akakibana kati ya mbao mbili mpaka kikauke. Gundi haikumtoka vidoleni. Siku ya harusi yake, tarehe 21 Desemba 1991, pete iligoma kupita mpaka msimamizi alipomsugua kidole kwa mafuta ya taa. Wifi akasema ukumbi mzima ukisikia, "Mwacheni. Ikishaingia, gundi yake mwenyewe itanishikia." Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1994 mteja mmoja alikataa kitabu kwa sababu kaka alikuwa ameshona fungu moja mahali pasipo pake. Kilikuwa na kurasa 1,212. Kaka akakileta nyumbani. Kilimhusu mtu aliyetoa ushahidi wa uongo akiwa kijana, jirani yake akafungwa, naye akaendelea kuishi mtaa uleule miaka arobaini. Kaka alikianza mara tatu, na mara zote tatu alikomea karibu na katikati. Ukimuuliza, alisema kinachosha.

Sukari iligundulika mwaka 2015. Kufikia Juni 2019 macho yalikuwa yamezima kabisa. Wifi alikuwa kazini mchana, nikaombwa nikae naye. Siku moja akaniambia, "Chukua lile jitabu, unisomee."

"Kaka, unanitania? Mimi nasoma?"

"Niambie herufi zilivyo, mimi nitakuambia ni nini."

"Fimbo yenye tumbo."

"Tumbo liko wapi?"

"Kulia, chini."

"Hiyo ni b. Songa mbele."

Ukurasa wa kwanza ulituchukua siku kumi na moja. Tulipofika wa mia mbili nilikuwa namaliza mstari bila kusimama. Hapo mama wa yule mfungwa akazikwa, na kurasa chache mbele nikamkuta anaanika nguo. Nikaendelea tu, nikidhani vitabu virefu ndivyo vilivyo. Kaka akacheka mpaka akakohoa.

"Ni lile fungu langu! Nilisahau kukuonya. Rudi nyuma, umemfufua mama wa watu bure."

"Nimemfufua mimi au wewe?"

Ukurasa wa 571 haukuwa na kicheko. Yule mtu anakutana na dada wa mfungwa sokoni, anambebea mzigo mpaka mlangoni kwake, wala hamwambii neno.

"Ruka hapo," kaka akasema.

"Siruki. Kila herufi humu nimeitolea jasho."

"Wewe mwanamke, ruka nimesema!"

Nikausoma ukurasa ule tena, polepole, tangu juu. Akageukia ukutani. Siku tatu nilifika asubuhi, nikakaa na kitabu mapajani bila kukifungua. Siku ya nne, tarehe 16 Mei 2022, akasema, "Mwaka sabini na tano, mwalimu alipokuja nyumbani…"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nyuma ya mlango."

Ndugu zangu, jambo lenyewe ni hili. Mama yetu alikuwa hawezi kuinuka kitandani. Mwalimu alimwomba baba watoto tupokezane, mmoja asome asubuhi, mwingine mchana, ili mama asibaki peke yake. Baba akamuuliza kaka kama nafundishika. Kaka akajibu, "Huyu? Nimemjaribu, hashiki hata a." Hakuwahi kunijaribu. Hakutaka zamu. Nilikuwa na miaka saba, nikamuuguza mama miaka tisa.

"Mbona hukusema siku zote hizo?" akaniuliza.

"Nilisubiri useme wewe."

Akalia. Kisha akasema, "Kingekuwa kitabu kifupi ningekitoroka. Hiki kimenikalisha na huyu mtu mpaka nikachoka kumhukumu yeye na kujiacha mimi." Akaniomba nichukue kalamu, nikaandika akitamka: "Mdogo wangu alistahili kusoma. Mimi nilimziba njia kwa uongo. Isomwe siku ya kunizika, mbele ya watu wote." Halafu akasema tuendelee na ukurasa wa 572.

Figo zilishindwa kazi. Alilazwa tarehe 2 Februari 2023 na kufariki tarehe 19, saa tano asubuhi, nikiwa kando yake. Zilikuwa zimebaki kurasa thelathini na nane. Nilizimaliza peke yangu juzi, watu wakipanga viti nje.

Jana wifi na baba mdogo waliniuliza kama nimemsamehe. Miaka tisa ya kumgeuza mama kitandani hairudi kwa maneno, na sitadanganya mbele ya jeneza. Lakini aliyeniziba njia ndiye aliyenifundisha kusoma, herufi kwa herufi, bila macho, na hakuna aliyemlazimisha. Hilo nalo ni la kweli, lazima lisemwe.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, baba mdogo, na mimi mdogo wake.

Kaka, uliloniagiza nimelisoma, na wote wamelisikia. Mungu akupokee, upumzike.