Maisha ya Marehemu Hashil na Kitambaa cha Begani cha Mzee Mahrous

Assalamu alaykum. Ndugu zetu mliotoka Ibra, Sur, Samail na kwengineko, sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mimi ni Humaid, shemegi yake marehemu, na familia imenipa kazi ya kukusomeeni maisha yake siku hii ya tatu ya msiba.

Marehemu Hashil bin Mahrous alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, tarehe 4 Juni 1947, mwaka mmoja baada ya baba yake kurudi kutoka vita vya Burma, alikokuwa mpishi wa jeshi. Mzee Mahrous alirudi na kitambaa cheusi chenye maandishi mekundu, cha kushonwa begani, akasema kapewa na komando wa Kiingereza aliyekuwa mgonjwa, naye akimlisha uji kwa kijiko, na mtaa mzima ukamcheka hadi siku ya kufa kwake, wakisema mpishi na makomando wapi na wapi, kitambara hicho kakiokota. Hashil alipigana skuli kwa maneno hayo, na waliosoma naye hadi alipomaliza mwaka 1965 wanakumbuka kwamba mara nyingi yeye ndiye aliyepigwa.

Alifika Oman mwaka 1972, akawa fundi wa umeme Nizwa hadi alipostaafu mwaka 2002, akajenga hapa Birkat al Mauz. Tarehe 9 Septemba 1976 alimuoa dada yangu Azza, kule Ibra, wakajaaliwa Ghaith na Wasan.

Mwaka 1991 alianza lile jambo ambalo sote tulimtania nalo, la kukusanya nembo za vitambaa za makomando wa Kiingereza wa wakati wa vita, akizinunua kwa wastaafu wao waliokuwa wakifungasha kurudi kwao, nyengine zikimjia kwa posta, akizihifadhi katika mikebe ya biskuti huku biskuti zenyewe tukizila sisi. Hakuzipenda kwa ajili ya vita. Alitaka siku moja mjuzi akitazame kitambaa cha baba yake, aseme ni cha kweli.

Mjuzi huyo, Mwingereza aliyekuwa akiandika kitabu cha nembo hizo, alikuja Februari 1999, nami nilikuwepo. Siku iliyotangulia, Azza alisema mgeni haoneshwi kitu cha marehemu Mzee Mahrous kikiwa na uchafu wa vita, akakikosha kitambaa kwa sabuni ya unga, akakipiga pasi, akakifukiza udi, na mumewe asijue. Basi mgeni aliwasha taa yake ya urujuani, ambayo chini yake uzi wa zamani hubaki kiza na uzi wa siku hizi hung'aa, na sabuni za siku hizi nazo hung'arisha vivyo hivyo. Kitambaa kikang'aa. Mgeni akasema kwa upole kwamba kimeigizwa baada ya vita.

Azza, nyuma ya pazia, akauliza kwa Kiswahili kuna nini, akaelezwa, akasema, "Mwambie nimekikosha mie." Mgeni akauliza mama anasema nini, na Hashil, aliyengoja tangu utotoni kuambiwa kitambaa ni cha kweli, aliona kwamba aibu ya mkewe itaingia kitabuni, akajibu kwamba mama anauliza kama ataongezewa halua.

Baadaye Azza alilia, naye Hashil akamwambia kwamba baba yake wameshamcheka na kafa nako kule kuchekwa, lakini yeye Azza hatochekwa. Mgeni aliondoka na halua, na kitabu kilitoka bila ya kitambaa.

Marehemu alianza kuugua moyo mwishoni mwa mwaka 2005, akafariki hospitalini Nizwa Jumanne, tarehe 13 Machi 2007, akazikwa hapa siku hiyohiyo baada ya Alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kutandika mikeka, na wenzake wa kazini waliobeba jeneza.

Neno la mwisho si langu. Dada yangu, aliyeko ndani katika eda, ameniagiza nilisome mbele ya wote, na jina lake nilitaje: Mzee Mahrous alisema kweli, kitambaa ni cha komando, na aliyekikosha ni Azza.

Sasa pumzika kwa amani, Hashil. Limeshasemwa.