Mstari wa Mwisho wa Bahasha Nambari Moja

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, Nei Rakera Ioteba anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Vifurushi vya Shule, hapa Bairiki, kwa miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku ishirini. Hizo siku ishirini nimezihesabu mwenyewe, mimi Tebora Kaitara, niliyekaa meza ya pili kwa miaka ishirini na sita kati ya hiyo. Mkuu wetu wa idara, Ten Tioti (Ten kwetu ni Bwana, kama Nei ilivyo Bi), ndiye aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu, na akanisisitizia uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Palipochangamka mcheke, na pasipochangamka mnisamehe.

Nei Rakera ni mzaliwa wa Tamana, kisiwa ambacho ukimpigia kelele mtu aliye upande wa pili atakujibu usipige kelele. Alikuja huku Tarawa akiwa msichana, akaajiriwa Februari 1988 kufungasha mitihani, vitabu na barua za walimu zinazokwenda shule za visiwa vya nje, na kupokea majibu yanaporudi kwa ndege au meli. Kazi yenyewe si ya kutungiwa wimbo. Karatasi inaingia kwenye bahasha, bahasha inaingia kwenye gunia, gunia linakwenda uwanja wa ndege, nawe unarudi mezani kuanza upya.

Siku zile bahasha zilitoka ng'ambo kwa makasha, na kwa joto na unyevu wa huku zilifika zimeshajifunga zenyewe. Tulikuwa tunazifungua kwa mvuke wa birika kabla hazijatumika hata mara moja! Zilizosalimika na unyevu zililiwa gundi na mende. Bahasha ikifika kisiwani ilichanwa, ikatupwa, na kisiwa chenye upana wa kurusha jiwe hakina mahali pa kutupia kitu. Walimu walizichoma ufukweni. Nei Rakera aliona moshi huo siku moja alipokwenda Tamana kumzika baba yake, akarudi kazini. Wiki hiyo ndipo alipoomba afisa wa stoo ampe jora la kitambaa cha buluu lililobaki kwenye sare za shule.

Bahasha ya kwanza aliishona kwa mkono wake. Haikuwa na gundi hata tone. Ilikuwa na vifungo viwili vya kifuu cha nazi na uzi wa kuzungushia, na mbele alishonea kipande cha kitambaa cheupe chenye mistari ishirini. Anayeipokea anafuta jina lake kwa kalamu, anaandika kwenye mstari unaofuata jina la inakokwenda. Mistari ikijaa, kinabanduliwa kile cheupe na kushonwa kingine. Basi. Wataalamu wa semina wangeliita jambo hili kwa majina marefu, yeye aliliita bahasha.

Alishona mia moja na ishirini. Zilikwenda zote, zikarudi kumi na moja.

Hapa ni lazima niwaeleze wageni wetu wa ng'ambo watakaokuwa nasi maneabani, ukumbi wetu wa mikutano, Ijumaa. Kwetu kuna bubuti. Mtu akija akakuomba kitu kwa bubuti, unampa, iwe shati, nguruwe au baiskeli, na kesho wewe utamwomba yeye. Kukataa ni aibu itakayowafikia wajukuu wako. Sasa mshonee karani wa kisiwa, anayepokea magunia yetu, bahasha nzuri ya buluu yenye vifungo, isiyopitisha mchanga, halafu umtegemee airudishe! Walimwomba, akatoa. Moja ilionekana kisiwa cha Nonouti ikibeba tumbaku. Moja niliiona kwa macho yangu kanisani, kiti cha mbele yetu, imetiwa kitabu cha nyimbo. Nilimtia kiwiko mwenzangu.

“Rakera, bahasha yako ile pale inaimba sauti ya pili.”

“Nyamaza, tuko kanisani.”

“Kamchukulie basi.”

“Kaomba, kapewa. Mimi niseme nini?”

Tangu siku hiyo bahasha isiyorudi tuliiita iliyoolewa. Kwenye daftari tuliandika hivyo hivyo, “imeolewa Marakei”, “imeolewa Beru”, mpaka mkaguzi mmoja alipotuuliza idara inahusikaje na ndoa.

Nei Rakera akasema sasa atashona bahasha mbaya, isiyotamaniwa na mtu. Toleo la pili lilikuwa la magunia ya mchele, limeandikwa maandishi ya mchele ubavuni, halina sura. Wavuvi walilipenda kuliko la kwanza kwa sababu halikupitisha maji, wakatilia ndoana. Nilimwambia, “Bibi wee, umeifanya mbaya hadi imependeza.” Hakucheka. Alikaa mwezi mzima akitazama dirishani, mkasi mkononi, nami nilidhani amekata tamaa.

Kumbe alikuwa anafikiria bubuti yenyewe. Bubuti anaombwa mwenye mali. Karani alitoa kwa sababu kila mtu alimchukulia kuwa ndiye mwenyewe. Akachukua uzi mwekundu, na kwenye kifuniko cha kila bahasha akatarizi maneno: “Mimi ni wa watoto wa darasa la sita,” na jina la shule. Sasa karani akiombwa anajibu, si yangu hii, waombe watoto. Na mtu mzima gani mwenye akili zake atasimama mbele ya darasa, wazazi wakichungulia, awaombe bubuti watoto? Mwaka huo, katika kila bahasha kumi zilirudi tisa. Makasha ya bahasha kutoka ng'ambo yalipungua kutoka kumi na manne kwa mwaka hadi mawili, na Tamana, nasikia, ufukwe wa shuleni hauna moshi tena isipokuwa wa samaki.

Kuna mengi ya kuchekesha na nafasi ni ndogo. Kuna bahasha iliyofika na kaa ndani, amekula alama za darasa la tano zote. Mwalimu alipoombwa azitume tena, watoto wote walikuwa wamepanda, hata aliyekuwa wa mwisho. Nei Rakera aliandika pembeni, “Kaa huyu apewe shule.” Kuna siku bahari ilipoingia ofisini, tukaanika bahasha mia mbili kwenye kamba, na akina mama wa Betio wakaja kuuliza nguo hizo bei gani.

Lakini kuna jambo moja ambalo halichekeshi, na bila hilo mtakuwa hamjamjua. Bahasha Nambari Moja, ile ya kwanza kabisa, ilikuwa miongoni mwa zile kumi na moja zilizorudi, nayo ni ya shule ya Tamana. Imekwenda Tamana na kurudi miaka yote hii, imebadilishwa kitambaa cheupe mara nyingi. Yeye mwenyewe amekwenda Tamana mara tatu, mbili kati ya hizo kwa ajili ya kuzika. Dada yake mkubwa, Nei Tabita, anaishi huko peke yake, nyumba ya nne kutoka shuleni. Kila Nambari Moja ilipofungwa nilimwambia, “Tia hata kikaratasi kwa dada yako, nani atajua?” Jibu lake lilikuwa lile lile. “Si yangu. Ni ya watoto.” Miaka yote hiyo, hakutia hata mstari mmoja. Nilimwona akiikunja, akiizungusha uzi, akiipiga piga mgongo kidogo kama mtoto anayepelekwa safari, kisha anaitia guniani. Alikuwa anaionea wivu. Hilo hajawahi kuniambia, nalisema mimi.

Mwezi Aprili Ten Tioti alimwita ofisini kwake. Alitaka abaki miaka miwili zaidi kwa mkataba. Mlango ulikuwa wazi, na masikio tunayo.

“Bosi, unaniuliza au unaniomba?”

“Aa, nakuuliza tu, Nei Rakera.”

“Ukiniuliza, nimekataa. Macho ya dada yangu yanazimika. Mashimo yake ya magimbi ya babai yamejaa majani, hana wa kumpalilia.”

Bosi wetu ana mengi lakini si mjinga. Siku ya pili alikuja kwenye meza yangu, akaegemea kabati.

“Tebora, wewe mwombe. Bubuti kamili. Mimi ni bosi, wewe ni mwenzake, wewe hawezi kukukatalia.”

“Na mimi nitafaidi nini?”

“Utabaki na mwenzio,” akasema, akaenda zake.

Mtu huyu alijua pa kupiga. Watoto wangu wako Auckland, wote watatu, wananipigia simu Jumapili wakikumbuka. Mume wangu alikuwa baharia, na bahari haikumrudisha. Nyumbani kwangu sauti ninayoisikia jioni ni ya redio. Mtu ninayekula naye wali na samaki saa sita mchana, siku tano kwa wiki, kwa miaka ishirini na sita, ni mmoja. Akiondoka, kutakuwa na meza mbili na mtu mmoja. Mnaniambia niandike kwa uchangamfu, nami nawaambia ukweli: nitakuwa mpweke. Basi, nimesema.

Kwa hiyo nilikusudia kumwomba. Siwezi kuficha. Nilikaa na neno hilo mdomoni wiki tatu. Ningelitamka, angebaki, wala asingeninung'unikia hata siku moja, maana ndivyo alivyo. Alhamisi moja ya Mei, baada ya chakula, nilivuta kiti changu nikakaa mbele ya meza yake na kumwambia, “Rakera, nina bubuti.”

Aliweka mkasi chini. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akanitazama, akangoja. Alikuwa anajua ninachotaka kuomba. Nadhani alikuwa ananingoja tangu Aprili, na alikuwa ameshakubali. Niliiona nyumba ya dada yake ikifungwa machoni pake. Mbele yake ilikuwa imelazwa Nambari Moja, imerudi asubuhi ile, Tamana, Bairiki, Tamana, Bairiki, mstari juu ya mstari, yote imefutwa kwa kalamu.

“Sema basi, mwenzangu,” akaniambia taratibu. “Nakusikiliza.”

“Naomba mkasi wako,” nikasema.

Alicheka, akacheka hadi akalaza kichwa mezani, na alipokiinua uso ulikuwa umelowa. Akanisukumia mkasi.

“Mjinga wewe. Mkasi wenyewe butu.”

“Butu hivyo hivyo. Bubuti ni bubuti.”

Mkasi ninao. Kweli ni butu, mwanamke huyu alikuwa anakata vitambaa kwa hasira tu.

Kuhusu zawadi ya idara, wengine walipendekeza mkeka, wengine saa ya ukutani. Ten Tioti alipendekeza cheti. Mimi nilifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa katika historia ya idara hii, na mwanzilishi wa uzi mwekundu asione vibaya. Niliandika barua kwa darasa la sita la shule ya Tamana, nikaitia ndani ya bahasha yao wenyewe, nikawaomba watoto bubuti. Mimi, mama mzima mwenye wajukuu! Niliwaambia: nawaomba hiyo Nambari Moja, nataka kumpa mtoto mmoja wa shule yenu aliyemaliza darasa la sita zamani kidogo, na sasa anarudi nyumbani. Ilirudi kwa ndege ya Jumanne. Ndani mlikuwa na karatasi moja yenye majina ishirini na mawili, na juu yake, kwa herufi kubwa za kupanda na kushuka: “Tumekupa. Mwambie awahi.” Kwa hiyo mkaguzi akija kuuliza iko wapi Bahasha Nambari Moja, Ten Tioti amjibu kwamba hatimaye imeolewa Tamana.

Nei Rakera, Ijumaa nitakukabidhi bahasha yako mbele ya watu. Sasa ni yako, si ya watoto wala ya serikali, na unaweza kutia humo unachotaka. Kitambaa cheupe kilichopo juu kina mistari ishirini. Kumi na minane imejaa na kufutwa. Wa kumi na tisa nimeuandika mimi, kwa wino mzuri: Nei Rakera Ioteba, Tamana.

Wa ishirini ungepaswa kusomeka Bairiki, meza ya pili. Nilishika kalamu juu yake jana asubuhi yote. Sikuandika, maana kuandika kungekuwa kuomba, nawe ukiombwa hukatai. Nimeuacha wazi.

Kwa niaba ya idara nzima, na walimu na watoto wa visiwa vyote waliozungusha uzi wako kwenye kile kifungo cha kifuu, tunakushukuru sana. Nenda salama kwa dada yako. Mashimo ya babai yazae, macho yake yakuone angalau kidogo, na siku zako huko ziwe nyingi na nyepesi. Mimi nipo, mezani pangu. Ndege hutua Jumanne.